Kibao cha Daktari Getini kwa Mkunga Juliet

POLISI, KITUO KIDOGO CHA LUDARA, WILAYA YA KOBOKO

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lodu Andrew
Umri: Miaka 75 (shahidi anasema inaweza kuwa 77, lakini nguvu ni ya hamsini)
Kazi: Mkulima wa tumbaku na mihogo, zamani dereva wa malori
Makazi: Ludara, Koboko
Kuhusu: Driwaru Juliet, mkunga, anayeshukiwa kujifanya daktari na kuandika dawa bila ruhusa
Yamechukuliwa: Jumanne tarehe 4 Machi 2025, kuanzia saa tatu na dakika kumi asubuhi, kwa Kiswahili, mbele ya Koplo Anguzu

Jina langu ni lile limeandikwa hapo juu. Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa. Ukisimama sokoni ukauliza Lodu wa malori, hata mutu aliyevuka juzi kutoka Kongo atakuonyesha nyumba. Niliendesha lori miaka kumi na tisa, Arua mpaka Juba, Arua mpaka Bunia, na sikuangusha gari hata siku moja, isipokuwa mara moja, na siku hiyo kosa lilikuwa la daraja. Shule nilifika darasa la pili. Najua kuandika jina langu na najua kusoma namba za gari. Kwa mutu mwenye akili hiyo inatosha.

Sikuitwa hapa. Nimekuja mwenyewe, kwa miguu, na goti langu la kulia ni bovu. Nataka hilo liandikwe.

Driwaru Juliet namjua miaka sita. Ni mutu wa Arua, akaja huku akafungua nyumba ya kujifungulia wamama, vitanda vinne, karibu na barabara ya kwenda sokoni. Ukutani ametundika karatasi mbili ndani ya kioo. Moja ni ya kumaliza masomo ya ukunga. Ya pili ni leseni yake, na hiyo anaifanya upya kila muda ukiisha. Mimi mwenyewe niliwahi kumbeba kwa baiskeli mpaka stendi alipokuwa anaifuata, wakati goti lilikuwa bado linasikia amri.

Mnamo tarehe 5 Februari 2025, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, bibi yangu alikuja shambani kuniambia uchungu umemshika Mireille. Mireille ni mke wa mtoto wangu wa mwisho, Moris, ambaye anaendesha gari Juba, ingawa bado hajafika kiwango changu. Huyu Mireille ni mutu wa upande wa Kongo. Tulimpakia kwa bodaboda, bibi yangu nyuma yake akimshika, mimi nikafuata kwa miguu. Nilifika saa tano kasoro robo. Nilikaa kwenye benchi ya nje, pamoja na wanaume wengine wawili, nikawaeleza habari za barabara ya Bunia ili wasiogope.

Saa nane na dakika ishirini mchana mtoto alilia. Ni msichana. Niliwaambia wale wanaume kwamba sauti hiyo ni ya ukoo wetu.

Kama dakika kumi baadaye bibi yangu alitoka nje. Kitenge chake kilikuwa kimelowa damu kutoka kiunoni mpaka chini. Alikaa kwenye benchi pembeni yangu, na bibi yangu si mutu wa kukaa.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilimwona Juliet akimchoma Mireille sindano ya paja, halafu mkono wake mmoja ukawa unakanda tumbo bila kuacha, na mkono mwingine unashika simu. Nilimsikia akiita gari ya wagonjwa kutoka Koboko. Nilimsikia pia akisema na Mireille, anamuuliza majina ya dada zake, mmoja mmoja, na Mireille anayataja polepole. Mimi niliacha habari za Bunia. Baada ya nusu saa Juliet alitoka, akanawa mikono pale kwenye jerikeni, akaniambia: "Baba, damu imekatika. Mama yuko." Gari ya wagonjwa ilifika saa kumi kamili ikamkuta Mireille anakunywa chai. Walimpima, wakasema kazi imefanywa vizuri, wakarudi na gari yao.

Mtoto tumempa jina Juliet. Niliamua mimi.

Siku hiyo hiyo Juliet mkubwa aliandika karatasi ya dawa: vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu vya kwake vilikuwa vimeisha, na vidonge vingine vya kuzuia wadudu wasiingie kwenye kidonda. Nilipeleka karatasi kwa Abdunoor, mwenye duka la dawa pale sokoni. Aliniuliza nani ameandika. Nilimjibu, daktari wangu. Aliangalia chini ya karatasi akacheka kidogo. Akasema: "Mzee, hii sahihi ni ya mkunga. Mkunga anakata kitovu. Kuandika dawa ni ya daktari." Akanirudishia karatasi kwa vidole viwili, kama mutu ameshika mkia wa panya. Mimi sijazoea kurudishiwa karatasi. Nilipanda bodaboda mpaka Koboko mjini, na pale mama wa duka alisoma muhuri na namba ya leseni, akanipa vyote bila swali.

Kesho yake nilimweleza Juliet maneno ya Abdunoor. Hakukasirika. Aliniambia mkunga mwenye leseni ana dawa zake ambazo anaruhusiwa kutoa na kuandika, za mama na za mtoto mchanga, na zimeorodheshwa. Alinionyesha hiyo orodha ndani ya daftari. Sikuisoma lakini niliona ni ndefu. Akasema dawa ikiwa nje ya orodha, kazi yake ni kuandika barua na kumpeleka mgonjwa mbele kwa daktari. Nilielewa vizuri. Nasema hivi kwa sababu yale niliyoyafanya baadaye sikuyafanya kwa kutojua.

Mnamo tarehe 12 Februari, Jumatano, saa tatu asubuhi, nilikwenda kwake na jogoo, nikamwambia aniandikie dawa kali ya goti. Walikuwapo wamama saba wenye mimba wanangoja. Alikataa. Nilimwambia mutu aliyezuia damu ile hawezi kushindwa na goti. Alisema: "Baba, leseni yangu ni ya mama na mtoto mchanga. Hili goti lako halina mimba."

Wale wamama walicheka wote saba. Mmoja akasema ningoje tu, labda litazaa mwezi wa nane.

Juliet hakucheka. Aliandika barua ya kunipeleka kwa daktari wa kituo cha afya, akapiga muhuri, akanipa, na jogoo wangu akanirudishia. Sikwenda kituo cha afya. Barua niliiweka mfuko wa koti na imekaa humo mpaka leo.

Jioni ya siku hiyo, kama saa kumi na moja, nilikuwa sokoni na wazee wenzangu pale wanapouza pombe ya mihogo. Habari za wale wamama zilikuwa zimeanza kufika. Mzee mmoja aliniuliza goti limefikisha miezi mingapi. Hapo mimi nilisimama nikawaambia kwamba Juliet ameniandikia dawa ya goti, dawa kali ya wanajeshi, nimekunywa mara moja tu na sasa natembea kama kijana. Nikatembea mbele yao kwenda na kurudi. Iliniuma sana lakini nilitembea. Nikaongeza kwamba anatibu pia presha, anatibu tumbo, anatibu kila kitu, na asiyeamini ni shauri yake. Abdunoor alikuwa anapita na mkoba wake. Alisimama akasikia yote.

Hayo ya sokoni nilidanganya.

Afande ameniuliza kwa nini basi niliendelea. Nimejibu kwamba mimi nikishaanza safari sirudishi gari.

Mnamo tarehe 20 Februari, Alhamisi, nilikwenda Arua kwa fundi wa kuandika vibao, anaitwa Serge, yuko upande wa Onduparaka. Nilitaka kumshukuru Juliet kwa kitu ambacho mutu akipita barabarani anakiona, na nilitaka Abdunoor akione kila siku akienda kufungua duka. Nilimwambia Serge aandike DAKTARI JULIET kwa herufi nyekundu, na chini yake aandike magonjwa. Serge ni mutu wa Kongo, anauliza maswali mengi. Aliuliza: "Mzee, huyu mama iko munganga wa kweli, ama iko mkunga?" Munganga kwao ni daktari. Nilimwambia anawashinda waganga wote wa Arua. Akasema hicho sicho alichouliza. Nikamwambia yeye kazi yake ni rangi. Basi aliandika malaria, tumbo, presha, na mimi nikasema aongeze goti. Alichora pia kile chombo cha kusikiliza kifua, hilo lilikuwa wazo lake na ni zuri.

Mnamo tarehe 24 Februari, Jumatatu, Juliet alikwenda Arua kwa mafunzo ya siku tatu. Huwa anakwenda, wakunga wanaitwa ili wajue mambo mapya. Kina mama aliwaachia mkunga mwenzake kutoka Koboko. Mimi nilijua siku hizo, ndiyo maana nilizichagua. Saa nne asubuhi nilichimba shimo getini, nikasimamisha kibao, nikamwaga simenti. Niliweka simenti nyingi. Yule mkunga mwenzake aliniuliza kama mwenyewe anajua, nikamwambia ni zawadi, zawadi haiombewi ruhusa.

Juliet alirudi Jumatano tarehe 26, mchana wa saa tisa. Mimi nilikuwa nimekaa pale nangoja nione furaha yake. Aliteremka kwa bodaboda akasoma kibao kutoka juu mpaka chini. Alisoma muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Kisha alinisalimia vizuri, akauliza mtoto anaendeleaje, akasema: "Baba, asante. Lakini mimi si daktari, na hiki kitaniletea shida. Nakuomba ukitoe."

Nilimwambia aache aibu. Nilimwambia pia simenti imeshakauka.

Kesho yake asubuhi nilikuta amekifunika na gunia. Niliondoa gunia. Ijumaa nikakuta gunia lingine, limefungwa kwa kamba na mafundo mazuri ya mutu aliyesoma. Nikakata kamba kwa kisu nikaondoa. Nilifanya hivyo kwa mkono wangu mwenyewe na hakuna aliyenisaidia. Kama asingefunika angekuwa hana ushahidi, kwa hiyo naomba iandikwe kwamba alifunika mara mbili na aliyefunua mara mbili ni mimi.

Mnamo tarehe 3 Machi, jana Jumatatu, saa tano asubuhi, alifika mkaguzi wa dawa kutoka wilayani na polisi wawili. Afande alikuwa mmoja wao, anajua. Watu walijaa. Mkaguzi alisema kuna malalamiko kutoka kwa Abdunoor. Juliet alitoa karatasi zake ukutani, akatoa daftari lenye orodha, akafungua kabati la dawa mwenyewe bila kulazimishwa. Mkaguzi alisoma akasema leseni ni nzuri na bado haijaisha. Lakini akasema leseni hii ni ya mkunga, na kibao nje kinasema daktari, na sokoni kuna maneno kwamba ameandika dawa ya goti kwa mzee mmoja.

Juliet alisema: "Dawa ya goti sijaandika. Na kibao si changu."

Walimuuliza ni cha nani.

Mimi nilikuwa nimesimama kama hatua sita kutoka kwake, mbele ya watu, si nyuma. Aliniangalia. Kwetu mtoto akishachukua jina la mutu, huyo mutu amekuwa wa nyumba, na mutu wa nyumba hamtaji mzee wake mbele ya polisi. Yeye ni Mlugbara na sisi ni Wakakwa, lakini hilo alilijua. Alirudisha macho kwa mkaguzi akanyamaza. Walimuuliza mara ya pili akanyamaza vilevile. Basi walifunga kufuli mlangoni, wakachukua kabati la dawa, wakaja naye hapa kituoni.

Na mimi nilinyamaza. Afande ameniuliza nilinyamaza kwa sababu gani. Nimemwambia aandike tu kwamba nilinyamaza.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nyumbani nangoja uji. Kwa desturi yetu mke wa mtoto hasemi na baba mkwe moja kwa moja, na Mireille ingawa ni mutu wa Kongo ameishika desturi hiyo kuliko wasichana wa hapa. Akiwa na neno kwangu analipitisha kwa mtoto. Alikaa mlangoni anamwosha mtoto ndani ya beseni, akawa anamwambia yeye.

Alisema: "Juliet, mwambie babu yako uji iko tayari."

Nikasema asante.

Akamwagia mtoto maji mgongoni. Akasema: "Mwambie pia, ile siku mama yako hakuwa na saa ya kungojea munganga atoke mjini. Mwenye sindano alikuwa mmoja tu, na leo amelala chini kwa polisi. Mwambie kuna wamama wawili huku nyuma siku zao zinafika wiki hii." Kisha akamfuta mtoto masikio. "Mwambie wewe huna haraka, unangoja jibu."

Mtoto ana siku ishirini na saba. Aliniangalia, au aliangalia upande wangu. Bibi yangu alikuwa jikoni na sufuria ilikuwa imeacha kulia, maana yake alikuwa anasikiliza. Sikunywa ule uji. Nilivaa koti nikatoka. Kutoka nyumbani mpaka hapa ni mwendo wa saa moja kwa kijana. Mimi nimetumia saa mbili na kidogo, na nimepumzika mara tatu tu.

Afande ameniuliza kama nina kitu cha kuonyesha. Ninacho. Hii hapa ni barua ambayo Juliet aliniandikia tarehe 12 Februari kunipeleka kwa daktari wa kituo cha afya. Ina muhuri wake na ina tarehe. Afande ameisoma kwa sauti na inasema, huyu mzee ana maumivu ya goti, iko nje ya kazi yangu, naomba mumwone. Nilikuwa sijui imeandikwa hivyo kwa heshima. Hii barua ndiyo dawa peke yake aliyowahi kuniandikia.

Afande ameniuliza kama Juliet aliwahi kujiita daktari mbele yangu. Hapana. Mimi nimemwita hivyo miaka yote sita na kila mara alinirekebisha, mpaka nikawa nafanya makusudi.

Afande ameniuliza kama najua mimi mwenyewe naweza kushtakiwa. Najua. Nilishawahi kukaa mahabusu siku nne Bunia kwa sababu ya matairi ya mutu mwingine, na nilitoka nimenenepa. Kama kuna mutu wa kulala hapa, nafasi yake naijua. Lakini kwanza afunguliwe yeye.

Kibao nitakichimba mwenyewe, na simenti yake pia, ingawa nasema tena ni simenti nzuri na itachukua siku mbili. Na Ijumaa, siku ya soko, nitasimama pale pale penye pombe niwaambie wazee habari ya goti jinsi ilivyokuwa, na Abdunoor akipenda alete kiti. Hata wale wamama saba waje. Nitawaambia vizuri kuliko wanavyoisimulia wao, kwa sababu kusimulia hakuna anayenishinda.

Nimesema niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyatenda kwa mikono yangu. Sikulazimishwa na polisi wala na mutu mwingine, isipokuwa na mtoto wa siku ishirini na saba.

Sahihi ya shahidi: LODU ANDREW (kwa mkono wake, alikataa kidole cha wino)

NOTI YA ASKARI

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Anguzu, kwa maneno ya shahidi mwenyewe, nikamaliza saa tano na dakika arobaini. Barua ya tarehe 12 Februari nimeipokea kama kielelezo. Nimempigia mkaguzi wa dawa, amefika saa saba mchana, amelinganisha dawa za kabatini na orodha ya mkunga na hakuona iliyozidi. Driwaru Juliet ameachiwa saa nane kasoro dakika kumi, na ufunguo wa nyumba yake pamoja na kabati amekabidhiwa. Alipotoka alimkuta shahidi kwenye benchi ya kituo. Alimsalimia, akamuuliza kama amekula, kisha akapanda bodaboda, kwa kuwa mmoja wa wale wamama wawili alikuwa ameshafika getini kwake.

Nilimsomea shahidi maelezo yote kwa sauti. Mahali pa habari za sokoni mimi nilikuwa nimeandika "nilikosea", kwa kuheshimu umri wake. Alinisimamisha. Alisema anayekosea ni yule ambaye hakujua. Nimelikata neno hilo na kuandika "nilidanganya" kama alivyotaka. Aliniomba nimwonyeshe ni lipi kati ya yote, nikaweka kidole chake juu yake, na pembeni yake ameandika jina lake tena.

Koplo Anguzu
Ludara, 4 Machi 2025